Kuitikia Tahadhari za Seva kwa Kujibu Barua Pepe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaoshika zamu, wale ambao simu zao hulia saa nane usiku kwa sababu diski imejaa mahali fulani Kijitonyama. Mifano mingi inatumia Nagios, programu inayofuatilia seva na kutuma tahadhari, maana ndiyo tunayoikuta mara nyingi kwenye ofisi tunazozihudumia hapa Dar es Salaam. Wenye mifumo mingine wana swali lao karibu na mwisho.

Kuitikia tahadhari ndiyo kufanya nini?

Mfumo wa ufuatiliaji ukigundua hitilafu hutuma barua. Usipojibu, utatuma tena kila baada ya muda uliopangwa (kwenye Nagios mpangilio huo ni notification_interval, na wengi huuacha dakika 60), na kama mmeweka ngazi za kupandisha, itafika kwa msimamizi wako, kisha kwa bosi wake. Kuitikia ni kuuambia mfumo kwamba tatizo hili lina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Hapo kelele zinakoma, jina lako linabandikwa kwenye tatizo, na wenzako wanapata barua moja ya kuwajulisha nani kalichukua.

Tatizo lenyewe halijaguswa. Diski bado imejaa. Kwa hiyo kuitikia huku huna nia ya kuamka ni kubaya kuliko kunyamaza: ukinyamaza mfumo utamtafuta mwingine, ukiitikia ukarudi kulala umewazima wote.

Kitufe kipo kwenye ukurasa wa Nagios. Kwa nini nihangaike na barua pepe?

Kwa sababu ukurasa huo uko ndani ya mtandao wa ofisi, na wewe uko ndani ya daladala Mwenge umesimama mlangoni. Kuufikia kunahitaji kompyuta, VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje) na nenosiri ambalo hakuna anayelikumbuka akiwa na usingizi. Barua ya tahadhari tayari iko mkononi mwako. Kubonyeza Jibu na kuandika tarakimu moja kunawezekana hata kwa kidole gumba.

Kuna na faida ya pili. Ukiwa mahali mtandao unakuja na kuondoka, kitufe cha wavuti kitakukatalia, lakini barua uliyoiandika itakaa kwenye simu na kuondoka yenyewe mtandao ukirudi. Faida hiyo hiyo ina madhara yake. Tazama swali la majibu yaliyochelewa.

Njia nzima ikoje, kutoka tahadhari mpaka jibu?

Nagios inatuma barua yenye anwani ya kujibia ambayo nyuma yake hakuna mtu, kuna programu. Jibu lako linafika kwenye seva ya barua, tuseme Postfix, na Postfix badala ya kuliweka kwenye sanduku inalipeleka kwa skripti, yaani programu fupi mliyoiandika wenyewe. Skripti inahakiki anayejibu ni nani na anajibu tatizo lipi, halafu inaandika mstari mmoja kwenye faili la amri za Nagios:

[1717196400] ACKNOWLEDGE_SVC_PROBLEM;seva-malipo;Diski;1;1;1;amina;Naingia sasa, nadhani ni logi za juzi

Namba ya mwanzo ni sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC (saa za kimataifa). Kisha linakuja jina la seva, jina la huduma, tarakimu tatu, jina la aliyeitikia na maelezo yake. Tarakimu ya pili inaamua kama wenzako wajulishwe, na ya tatu kama maelezo yabaki hata Nagios ikiwashwa upya. Ya kwanza ndiyo inayoumiza watu. Ina swali lake peke yake hapa chini.

Faili hilo la amri si faili la kawaida, ni bomba: unachoandika upande huu Nagios inakisoma upande wa pili, na hakibaki humo. Waliosakinisha kutoka chanzo watalikuta /usr/local/nagios/var/rw/nagios.cmd, na wa Debian na Ubuntu wenye Nagios 4 watalikuta chini ya /var/lib/nagios4/rw/. Hakikisha pia check_external_commands iko kwenye 1, la sivyo Nagios haitasikiliza chochote.

Hatuna seva yetu ya barua. Barua zetu ziko kwa Google au Microsoft.

Inawezekana. Skripti itachungulia sanduku kwa IMAP, njia ya kusoma barua zilizo kwenye seva ya mbali, kila dakika. Upande wa Microsoft kumbuka kwamba kuingia kwa jina na nenosiri tupu kulianza kufungwa Oktoba 2022, kwa hiyo mafunzo ya zamani mtandaoni hayatakusaidia, unahitaji OAuth, yaani kuingia kwa kibali maalum badala ya nenosiri. Kuchelewa dakika moja hakuna ubaya, maana hata wewe umechukua dakika kadhaa kutafuta miwani.

Niandike nini hasa kwenye jibu?

Tahadhari zetu tumeziandika kwa Kiswahili, kwa kuwa kiolezo cha barua cha Nagios ni maandishi yako mwenyewe na hakuna sheria ya kuyaacha kama yalivyokuja. Inaonekana hivi:

Mada: TATIZO 4471: seva-malipo / Diski / HATARI
Nafasi iliyobaki kwenye /var: asilimia 4.
Kulichukua, jibu barua hii ukianza na tarakimu 1, kisha sema unafanya nini.

Na jibu linalotosha ni hili:

1 Naingia sasa, nadhani ni logi za juzi

Tarakimu, nafasi, maelezo. Usibadilishe mada, usianzishe barua mpya. Maelezo si lazima kwa mfumo lakini ni lazima kwa wenzako: anayepokea zamu saa kumi na mbili asubuhi atataka kujua ulikuwa unafikiria nini.

Tulichagua tarakimu kwa sababu simu nyingi za hapa zina kibodi ya Kiingereza inayojifanya inajua unachotaka kusema. Ukiandika "itikia" inaweza kukubadilishia neno kabla hujainua kidole. Tarakimu 1 haibadilishwi.

Kwa nini "sawa" au "nimeona" haikubaliki?

Watu wanajibu "sawa" kwa kila kitu, hata kwa barua ambayo hawajaisoma. Na "nimeona" ni taarifa ya macho. Haisemi kwamba unaenda kufanya kitu. Tulibishana sana juu ya hili, wengine wakiona ni ukali usio na maana. Msimamo wangu ni kwamba kama mtu hawezi kuandika 1, huenda hajaamka vizuri kiasi cha kupewa seva ya malipo.

Mbona skripti inasoma mstari wa kwanza tu?

Chini ya jibu lako programu ya barua hubandika tahadhari ya awali, pamoja na yale maelekezo ya namna ya kujibu. Skripti ikitafuta neno la kuitikia popote ndani ya barua, italikuta kwenye maelekezo yake yenyewe, na kila jibu litahesabika kuwa kuitikia, hata aliyeandika "hii si yangu, mpeni mwingine". Kwa hiyo inachukua mstari wa kwanza wenye maandishi na kuacha vingine vyote: nukuu, sahihi yenye nembo ya kampuni, na yale maneno ya simu kwamba barua imetumwa kutoka kwenye simu ya aina fulani.

Ukiandika skripti yako mwenyewe, usisome barua kama maandishi matupu. Simu nyingi hutuma sehemu mbili, ya maandishi na ya HTML, na mara nyingine maandishi yamefungwa kwa base64 (namna ya kugeuza maandishi kuwa herufi zisizosomeka kwa macho), hivyo ile 1 yako haionekani kabisa mpaka ifunguliwe. Moduli ya email iliyomo ndani ya Python inafanya kazi hiyo vizuri. Usijaribu kuifanya kwa grep, amri ya kutafuta maneno tu.

Mtu yuko likizo, na mfumo unasema ameitikia tahadhari. Imekuwaje?

Jibu lake la likizo ndilo lililoitikia. "Nipo likizo, nitarudi Jumatatu" liliondoka lenyewe, skripti ikaliona ni jibu kutoka kwa mtu anayejulikana, ikazima kengele. Skripti inayotaka 1 mwanzoni ingelikataa, lakini usitegemee hilo peke yake.

Dawa iko kwenye vichwa vya barua. RFC 3834 ya mwaka 2004, waraka wa viwango vya intaneti, iliweka kichwa kinachoitwa Auto-Submitted: barua iliyoandikwa na mashine inatakiwa kukibeba, na jibu la likizo huwa na thamani auto-replied. Skripti ikikiona kichwa hicho na thamani yake si "no", iitupe barua. Na wewe weka Auto-Submitted: auto-generated kwenye tahadhari zako zote, ili majibu ya likizo yenye adabu yasijibu kabisa. Kwa watumiaji wa Exchange, seva ya barua ya Microsoft, ongeza X-Auto-Response-Suppress: All.

Usipofanya hivyo, siku moja utapata mzunguko: tahadhari inaamsha jibu la likizo, jibu linaleta barua ya "ameitikia", barua hiyo inaamsha jibu jingine la likizo, na kufika asubuhi foleni ya Postfix imefurika kuliko Kariakoo mwezi wa Desemba.

Nimejibu vizuri lakini hakuna kilichotokea. Nianzie wapi kutafuta?

Hili ndilo swali tunaloletewa zaidi, hasa kutoka kwa wanaojenga mfumo kwa mara ya kwanza. Fuata barua ilipopita. Tazama kwanza /var/log/mail.log (au maillog kwenye jamii ya Red Hat): je, jibu lilifika, na skripti ilirudisha kosa? Kisha tazama nagios.log utafute maneno EXTERNAL COMMAND. Yakiwepo, Nagios imeisikia amri, na shida ni kwamba jina la seva au huduma halilingani herufi kwa herufi (Diski na diski ni vitu viwili), au huduma ilikwisha kurudi kwenye hali njema, na Nagios haikubali kuitikia tatizo ambalo halipo tena.

Yasipokuwepo, amri haikufika, na mara nyingi ni suala la ruhusa. Skripti iliyowekwa ndani ya /etc/aliases Postfix huiendesha kwa jina la mtumiaji nobody, na nobody hana ruhusa ya kuandika kwenye bomba la Nagios. Watu huchoka, wakafungua bomba kwa kila mtu kwa chmod 666. Usifanye hivyo. Tengeneza mtumiaji maalum, elekeza anwani kwake, na weka skripti kwenye faili lake la .forward, hapo itaendeshwa kwa jina lake. Angalia kwamba kundi lake la msingi ndilo linalomiliki bomba. Kumwongeza kwenye kundi hilo kama la ziada hakutoshi, kwa sababu Postfix inapoendesha amri haibebi makundi ya ziada. Ukijaribu kwa mkono kwenye terminali itakubali, kwa barua itakataa, na utaanza kujitilia shaka.

Jambo la tatu ni Nagios yenyewe kuwa imezimwa. Ikizimwa vizuri hulifuta bomba. Jibu likija wakati huo, skripti yenye alama ya > (ya kuandika kwenye faili) itaunda faili la kawaida lenye jina lile lile, itaandika amri humo, na itamaliza ikiwa imeridhika. Nagios ikija kuwashwa inakuta mahali pa bomba pamekaliwa na faili. Skripti ianze na test -p, inayoangalia kama bomba lipo, na bomba lisipokuwepo irudishe kosa ambalo Postfix italielewa kuwa "jaribu tena baadaye". Kwa lugha ya Postfix hiyo ni namba ya kutokea 75.

SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux, ikiwa imewashwa, angalia audit.log kabla ya kulaumu mtu.

Je, mtu wa nje anaweza kuniitikia tahadhari zangu?

Kama skripti inaamini mstari wa "Kutoka" peke yake, ndiyo, bila jasho. Anwani ya mtumaji kwenye barua pepe huandikwa na mtumaji mwenyewe, kama ilivyo nyuma ya bahasha. Mwizi wa data akijua anwani ya zamu na jina la mmoja wenu, atazima kengele kwanza ndipo aingie ndani.

Ulinzi tunaoupendelea ni kuweka msimbo ndani ya anwani ya kujibia. Kila barua inatoka na anwani yake: kabla ya alama ya @ panasomeka zamu+4471-amina-7c1e90b2, yaani namba ya tatizo, jina la aliyetumiwa, na kipande cha HMAC (alama ya uthibitisho) kilichokokotolewa kutoka vitu hivyo viwili na ufunguo wa siri ulio kwenye seva. Jibu likirudi, skripti inakokotoa upya na kulinganisha. Nagios humtumia kila mhusika barua yake, hivyo msimbo wa Amina hauwezi kumwitikia Baraka. Kwenye Postfix unahitaji recipient_delimiter = + ili sehemu ya baada ya alama hiyo isilete kosa la anwani isiyojulikana.

Juu ya msimbo, acha seva ya barua ihakiki SPF na DKIM (vipimo vya kama barua kweli imetoka kwenye kikoa inachodai) kama kawaida. Na usimpelekee mtu wa nje tahadhari kama ilivyo: ukimpelekea fundi wa kampuni nyingine, umempa na ufunguo wa kuitikia kwa jina lako. Nakili maneno, acha barua.

Hatari nyingine iko kwenye maelezo unayoandika. Kwenye bomba la Nagios kila mstari ni amri. Skripti ikiruhusu maelezo yenye mstari mpya, mtu anaweza kuongeza mstari wa pili wenye DISABLE_NOTIFICATIONS, na tahadhari zote za mfumo mzima zikazimika kwa barua moja. Ondoa mistari mipya, ondoa alama za nukta-mkato, kata maelezo yasizidi herufi 200, na usiyapitishe kamwe kwenye shell, programu inayotekeleza amri, kama bash. Mwaka 2014, kosa la bash lililoitwa Shellshock lilionyesha kwamba hata vichwa vya barua vinavyopitishwa kwa skripti kama hizi vinaweza kugeuzwa amri.

Je, tahadhari zinaweza kuwa na taarifa za wateja?

Zisiwe nazo. Baadhi ya vipimo vya hifadhidata hubandika kosa lote kwenye barua, pamoja na namba ya simu ya mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na barua pepe ya saa nane usiku haina msamaha ndani yake.

Niliitikia onyo la diski mchana. Usiku ikajaa kabisa na hakuna aliyepigiwa kengele. Kwa nini?

Kwa sababu ya ile tarakimu ya kwanza. Ikiwa 2, kuitikia kwako kunang'ang'ania mpaka huduma irudi kwenye hali njema, hata kama katikati imetoka ONYO ikaenda HATARI. Diski ikiwa imejaa asilimia 80 ukaitikia saa tisa alasiri ukisema utaisafisha kesho, usiku ikafika 98, mfumo utakaa kimya: ulikwishauambia unajua. Ikiwa 1, kuitikia kunafutika hali ikibadilika, na kengele inalia upya ilipofika HATARI.

Mifano mingi utakayoikuta mtandaoni imeandikwa 2, na kitufe cha kwenye ukurasa wa Nagios nacho huja kikiwa kimewekewa alama ya kung'ang'ania. Kwa diski, kumbukumbu (RAM), foleni za barua na vyeti vya TLS vinavyokaribia kuisha muda, sisi tunaweka 1. Vitu hivi huharibika taratibu, na kuitikia onyo si kukubali janga. Kwa huduma ambayo ama ipo ama haipo, kama tovuti, 2 haina shida. Kwa huduma inayorukaruka kati ya hali mbili, 1 itakusumbua usiku kucha, lakini hapo tatizo ni kipimo chako; kirekebishe, usikizibe mdomo.

Jibu langu lilikwama kwa muda wa saa tatu ndipo likafika. Je, litaitikia tatizo jipya kimakosa?

Linaweza, kama hukujilinda. Tuseme tovuti ilianguka saa mbili usiku, ukajibu ukiwa kwenye kivuko cha Kigamboni bila mtandao. Tovuti ikapona yenyewe, ikaanguka tena saa tano kwa sababu nyingine kabisa. Jibu lako la saa mbili linafika, na tatizo la saa tano linapata mwenyewe ambaye hana habari.

Ndiyo maana ya namba 4471. Nagios inatoa namba mpya kwa kila tatizo kupitia $SERVICEPROBLEMID$, lakini amri ya kuitikia haina nafasi ya namba hiyo, kwa hiyo Nagios haitakulinganishia. Skripti ndiyo isome status.dat, faili ambamo Nagios huandika hali ya sasa, ione tatizo la sasa ni namba ipi, na zisipolingana ikuandikie: "Jibu lako ni la tatizo lililokwisha, la sasa halina mtu."

Naweza kuitikia kwa muda tu, kwamba nisipomaliza kengele irudi?

Unaweza, na ningependa watu wafanye hivyo zaidi. Icinga 2 ina muda wa mwisho wa kuitikia ndani yake. Nagios Core haina, lakini skripti inaweza kujipangia REMOVE_SVC_ACKNOWLEDGEMENT kwa amri ya at, ya kupanga kazi ifanyike baadaye. Kwetu unaandika "1 d90 naenda ofisini" na baada ya dakika 90 kuitikia kunaondoka.

Tunapokea dakika, hatupokei saa za ukutani. Mtu anayeandika "mpaka saa mbili" anamaanisha saa 20:00, mashine inasoma 02:00, na mwenzetu asiyejua Kiswahili aliye Nairobi au Bangalore hajui amsadiki nani. Ongeza kwamba kumbukumbu za seva ziko kwa UTC: ule mstari wa mfano hapo juu uliandikwa saa nane usiku wa Jumamosi tarehe 1 Juni 2024 hapa Dar, lakini kwa UTC bado ni saa 23:00 ya Ijumaa. Dakika hazina mjadala.

Tumejibu wawili kwa wakati mmoja.

Majibu yote mawili yapo kwenye kumbukumbu. Pigianeni simu.

Umeme ukikatika napata barua arobaini. Nizijibu zote?

Hapana, na usingepaswa kuzipata. Kwenye Nagios mwambie kila seva "mzazi" wake ni nani: swichi, ruta, kiungo cha fiba. Mzazi akianguka, watoto wanahesabiwa kuwa hawafikiki badala ya kuwa wamezimika, na unaweza kuamua hali hiyo isitumiwe barua. Seva ikihesabiwa imezimika, Nagios haitumi tena barua za huduma zilizo ndani yake. Barua arobaini zinabaki mbili tatu, unaitikia ya ruta, unaenda kuangalia UPS na jenereta.

Kukatika kwa umeme kulikotangazwa kabla si kwa kuitikia hata kidogo. Panga muda wa matengenezo mapema, kwenye ukurasa wa wavuti, mchana, ukiwa umekaa.

Na intaneti yenyewe ikikatika?

Hapo barua haitoki wala jibu halirudi, na huu ndio udhaifu wa njia nzima. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Seva iliyoko hapa hapa mjini iliweza kuwa nzima na kufikika kwa mitandao ya ndani, huku sanduku la barua la mtu wa zamu likiwa ng'ambo, halifunguki.

Kwa hiyo msiitegemee barua peke yake. Modemu yenye laini ya simu, iliyochomekwa kwenye seva ya ufuatiliaji na kuendeshwa na programu kama Gammu, inatuma SMS bila intaneti, na SMS ya kujibu inaweza kupita kwenye skripti ile ile. Laini iwe na salio. Mpeni mtu jukumu la kuliangalia, au bora zaidi wekeni kipimo cha salio ndani ya Nagios yenyewe.

Si tungetumia tu kundi la WhatsApp?

Kila ofisi inauliza hili. Kundi ni zuri kwa kuzungumza wakati wa tatizo. Kwa kuitikia halifai, kwa sababu Nagios haisomi kundi lenu, hivyo kengele zitaendelea, na kwa sababu ya mazungumzo ya namna hii ya saa moja asubuhi:

"Kaka, ile ya malipo uliichukua?"
"Nilijua Amina anayo, si aliweka kidole gumba."
"Kile kidole kilikuwa cha ile picha ya harusi, jamani."

Niliitikia kwa bahati mbaya. Naweza kufuta?

Jibu barua ile ile ukianza na 0. Kengele zitarudi kwa ratiba yake ya kawaida.

Bosi anataka kujua nani aliitikia nini mwezi mzima.

Iko kwenye nagios.log, pamoja na jina na maelezo. Mpe, lakini mweleze kwamba anayeitikia mara nyingi si lazima awe ndiye mchapakazi. Huenda ndiye tu mwenye usingizi mwepesi, au ndiye mliyembebesha zamu za wikiendi.

Sisi hatutumii Nagios.

Icinga ilizaliwa kutoka Nagios mwaka 2009, na toleo lake la pili lina API (njia ya programu moja kuiagiza nyingine) kwenye mlango 5665. Skripti yako itaita /v1/actions/acknowledge-problem badala ya kuandika kwenye bomba, na shida nzima ya ruhusa inaondoka. Zabbix ina event.acknowledge kwenye API yake. Alertmanager ya Prometheus haina dhana ya kuitikia. Ina kunyamazisha kwa muda, jambo ambalo linafanana kwa mbali lakini halimweki mtu jina lake kwenye tatizo kwa namna ile ile. Upande wa barua, yaani mstari wa kwanza, Auto-Submitted, msimbo na namba ya tatizo, hakuna kinachobadilika.

Nimemaliza kurekebisha. Natakiwa kujibu tena?

Hapana. Nagios itaona kwenye ukaguzi unaofuata kwamba hali ni njema, itafuta kuitikia kwako na kuwatumia wote barua ya kupona. Kama kipimo hukaguliwa kila baada ya nusu saa na hutaki kusubiri, lazimisha ukaguzi kutoka kwenye ukurasa wa huduma hiyo, au kwa SCHEDULE_FORCED_SVC_CHECK. Usiweke simu chini mpaka barua hiyo ifike.